Namna ya kukata kucha za sungura wa kufugwa bila kumjeruhi

Sungura wa kufugwa ana kucha 18, yaani tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Ukucha wa tano wa mbele uko upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya zile nyingine, mahali ambapo haugusi sakafu hata mnyama anapokimbia. Kwa sababu hiyo hausagiki kamwe, na kwa kuwa umefunikwa na manyoya, mfugaji mwenye haraka huusahau mpaka siku anapoukuta umejipinda na ncha yake imeelekea kwenye ngozi. Kabla hujashika mkasi, jizoeze kuzihesabu kucha kwa kuzigusa, mguu mmoja baada ya mwingine, na kwenye miguu ya mbele umalizie kila mara na huo uliojificha.

Kucha hizi hukua maisha yote ya mnyama. Sungura wetu wa mabandani, wawe New Zealand weupe, California, Chinchilla, Flemish Giant au machotara wasiojulikana asili yao, wote wametokana na sungura-mwitu wa Ulaya, ambaye huchimba mashimo ardhini na kuishi humo pamoja na wenzake, hivyo kucha zake husagwa na udongo kadiri zinavyokua. (Sungura wa nyika zetu, yule anayeonekana usiku akivuka barabara mbele ya taa za gari, ni wa jamii nyingine, yeye hachimbi mashimo bali hujilaza kwenye nyasi, na tabia zake hazitufundishi mengi kuhusu huyu wa bandani.) Ukimweka mchimbaji huyo juu ya wavu wa chuma au mbao laini, umemwondolea kazi iliyokuwa ikimpunguzia kucha, na kazi hiyo sasa ni yako.

Wapo wanaodhani kwamba kukata kucha ni suala la urembo, linalowahusu wenye sungura wa kuchezewa na watoto nyumbani, na kwamba mwenye sungura 30 wa nyama hana haja nalo. Sikubaliani nao. Mguu wa sungura hauna vile vinyama laini vya chini alivyo navyo paka au mbwa. Kinachoukinga ni manyoya mazito tu. Kucha zikirefuka kupita kiasi, vidole husukumwa juu au pembeni kila mnyama anapotua, na uzito wa mwili huhamia nyuma kwenye kisigino. Manyoya ya hapo hukatika, ngozi huwa nyekundu, kisha hufanya gaga na hatimaye kidonda, na kidonda hicho huchelewa sana kupona kwa sababu mnyama anakikalia usiku na mchana. Wanaoathirika upesi ni sungura wakubwa wenye uzito mwingi, kama Flemish Giant, pamoja na wale wa aina ya Rex, ambao manyoya ya nyayo zao ni mafupi na hafifu. Hatari nyingine huja ghafla: ukucha mrefu hunasa kwenye tundu la wavu, sungura hushtuka na kuvuta mguu kwa nguvu zote, na ukucha hung'oka kabisa au kidole huvunjika. Jike mwenye kidonda cha mguu hula kidogo na hapendi kupandwa, kwa hiyo hata anayehesabu faida peke yake ana sababu ya kuzitazama kucha.

Wakati wa kukata

Mtazame sungura akiwa ametulia kwenye sakafu tambarare. Manyoya ya mguu yanapaswa kuficha sehemu kubwa ya ukucha. Ukiona ncha zimetokeza wazi mbele ya manyoya, zimeanza kupinda kwenda kando, au ukizisikia zikigonga saruji anapotembea, muda umefika. Kwa sungura wengi hali hii hujirudia kila baada ya wiki 4 hadi 8, lakini tofauti kati ya mnyama mmoja na mwingine ni kubwa kiasi kwamba ni afadhali kukagua kila mwezi kuliko kufuata tarehe iliyoandikwa ukutani. Sungura mzee, mnene, au anayekaa kwenye kizimba kidogo atahitaji kukatwa mara nyingi zaidi kuliko kijana anayeachiwa uani kila jioni.

Chagua saa ya baridi, asubuhi na mapema au baada ya jua kutua. Sungura hawezi kujipoza kwa kutoa jasho, na katika miji ya joto kama Mombasa au Dar es Salaam, kumfunika kwa kitambaa na kumshikilia kwa robo saa wakati wa adhuhuri ni kumtafutia maradhi. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban siku 31, asishikwe kwa kazi hii katika wiki ya mwisho. Mkate mapema, kabla hujamweka kwenye sanduku la kuzalia, na kucha zilizopunguzwa zitawafaa hata watoto wake anapoingia na kutoka kwenye kiota.

Vifaa

Kwa watoto wa sungura na aina ndogo, kikata kucha cha kawaida cha binadamu kinatosha. Kwa sungura mkubwa tumia mkasi mdogo wa kucha za paka, wenye makali yaliyochongwa nusu duara, ambao hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Jambo la msingi ni makali: kifaa butu huuminya ukucha kabla ya kuukata, nao hupasuka kwa urefu. Ndiyo maana koleo la kukatia nyaya, ambalo wafugaji wengi hulikimbilia kwa kuwa liko karibu, halifai. Wembe nao usitumike kabisa. Najua kwamba katika nyumba nyingi ndio unaokatia kucha za watu, lakini mtu hujishika mwenyewe na hapigi teke, ilhali sungura anaweza kurusha mguu katikati ya kazi na kukatwa yeye au kukukata wewe.

Andaa pia tochi, hata ile ya simu, kitambaa kibichi cha kulaza manyoya, kitambaa kingine safi na kikavu, na kitu cha kuzuia damu. Shabu, ile ambayo vinyozi hupaka mahali wembe ulipokwaruza, hufanya kazi vizuri ikisagwa kuwa unga laini. Ukiikosa, wanga wa mahindi au unga safi wa ngano utasaidia. Viweke vyote mkononi kabla hujamtoa mnyama bandani. Kama una sungura wengi, futa mkasi kwa spiriti kila unapohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa sababu ukurutu na vijidudu vya vidonda husafiri kwa njia hiyo.

Kumshika

Watu huogopa damu, lakini hatari kubwa zaidi katika kazi hii iko mgongoni. Mifupa ya sungura ni myepesi mno. Uzito wake ni kama asilimia 7 hadi 8 ya uzito wa mwili, wakati kwa paka ni karibu asilimia 12 hadi 13, na juu ya mifupa hiyo dhaifu kuna misuli ya mapaja yenye nguvu za ajabu. Sungura akining'inia huku sehemu ya nyuma haijashikiliwa, teke moja la hofu linatosha kuvunja pingili za kiunoni, na mnyama hupooza miguu ya nyuma papo hapo. Ajali hiyo haina marekebisho. Kwa hiyo kila hatua ya kumshika ina lengo moja tu, nalo ni kwamba makalio yake yawe na kitu cha kuegemea wakati wote.

Usimnyanyue kwa masikio. Desturi hiyo imeenea sokoni na mashambani, hata picha za kutangaza sungura wanaouzwa mara nyingi huonyesha mtu amemning'iniza mnyama kwa masikio yake, lakini masikio yamejaa mishipa ya damu na neva, na mwili mzima unaobembea chini yake ni ule ule wenye kiuno cha kuvunjika. Pitisha mkono mmoja chini ya kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, mwingine uweke chini ya makalio, kisha mlete upesi kifuani pako. Kichwa chake kikiingia kwenye kwapa lako asione mbele, mara nyingi hutulia.

Kazi ni rahisi zaidi kwa watu wawili. Mmoja huketi kwenye kiti kifupi, sungura akiwa mapajani, mgongo wake umeegemea tumbo la aliyemshika, na mkono mmoja umepita kifuani kwake huku mwingine ukiwa umekumbatia miguu ya nyuma. Wa pili hupiga magoti mbele na kukata. Kama uko peke yako, tandika gunia au mkeka juu ya meza ili mnyama asiteleze, kwa sababu sungura anayeteleza huingiwa na hofu. Kisha mfunge kwenye kanga au taulo jepesi, ukiacha kichwa nje, na utoe mguu mmoja tu kwa wakati mmoja. Kanga nimeona inafaa kuliko taulo katika maeneo ya joto. Ikaze kiasi cha kumzuia asijitupe, lakini pua yake iwe wazi na kifua kiweze kupanda na kushuka.

Utakutana na watu wanaomlaza sungura chali mpaka anyamaze kimya, kisha wanamkata kucha kana kwamba amelala. Hajalala. Huo ni mgando wa hofu unaompata mnyama anayewindwa akishajiona amekamatwa: moyo na pumzi hubadilika, na anapozinduka huweza kurusha miguu bila onyo lolote, jambo ambalo linaturudisha kwenye kile kiuno. Kama mguu hauonekani vizuri bila kumpindua, mwinue kidogo upande wa mbele akiwa bado amekaa kwa makalio yake, inatosha.

Sungura aliyezoea kuguswa miguu tangu akiwa na wiki kama nane huwa hana shida. Mguse kila unapompa majani, bila kukata chochote. Kwa yule mkubwa ambaye hajawahi kushikwa, hakuna sharti la kumaliza kucha zote 18 kwa mara moja. Kata mguu mmoja leo na mwingine kesho. Ukiona anahema kwa kasi, ametoa macho, au anagugumia, mrudishe bandani mara moja.

Kukata kwenyewe

Lowesha manyoya ya kidole kwa kitambaa kibichi na uyasukume nyuma mpaka ukucha wote uonekane. Shika kidole kati ya kidole gumba chako na cha shahada, bila kukiminya. Ndani ya ukucha, kuanzia kwenye shina, kuna nyama hai yenye damu na neva, ambayo katika ukucha mweupe huonekana kama mstari wa waridi, na huishia kabla ya kufika kwenye ncha. Kata milimita 2 hadi 3 mbele ya mahali mstari huo unapoishia, kwa mkato mmoja wa haraka, ukifuata mshazari wa asili wa ncha. Mkato wa kusitasita ndio unaomfanya mnyama avute mguu.

Kucha nyeusi au za kahawia, ambazo ni za kawaida kwa Chinchilla na machotara wengi, huwatia watu hofu, na hofu hiyo si ya bure. Weka tochi chini ya ukucha ili mwanga upenye kwenda juu. Mara nyingi kivuli cha nyama hai huonekana. Kama bado huoni kitu, kata ncha tu, kipande chembamba, kisha utazame uso wa mkato. Ukiwa mkavu na wa rangi moja, unaweza kutoa kipande kingine chembamba. Ukiona alama nyeusi au laini katikati, simama hapo. Njia nyingine ya kujihakikishia ni kuubana ukucha polepole kwa mkasi bila kuukata: sungura akishtuka au akivuta mguu, umekaribia sana, sogeza mkasi kidogo kuelekea kwenye ncha. Na wengi wenye kucha nyeusi wana angalau mguu mmoja wenye ukucha mweupe, basi anza na huo, upime kwa macho nyama hai inafika wapi, ukitumia kipimo hicho kwa tahadhari kwenye zile nyeusi.

Kucha zilizoachwa kwa muda mrefu zina tatizo lake. Nyama hai hurefuka pamoja na ukucha, kwa hiyo huwezi kuzirudisha kwenye urefu mzuri kwa siku moja bila kumtoa damu na kumtia maumivu makali. Kata ncha kila baada ya wiki moja au mbili. Kila unapokata karibu, nyama hai hurudi nyuma kidogo, na baada ya miezi michache ukucha utakuwa umefika panapotakiwa. Hapa uvumilivu una faida kuliko ujasiri.

Damu ikitoka

Usimwachie sungura. Bana kitambaa kikavu kwenye ncha kwa dakika moja au mbili bila kukiinua kuchungulia, kisha uchovye ukucha kwenye shabu iliyosagwa au wanga na ukandamize tena. Shabu huwasha kidogo, kwa hiyo tarajia ashtuke. Kwa kawaida damu hukoma ndani ya dakika 5 hadi 10, na ingawa matone machache yakichanganyika na manyoya meupe hutisha, kiasi hicho hakimdhuru sungura mzima mwenye afya. Ikiendelea kupita robo saa, au kama ukucha umeng'oka wote, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kwa siku mbili tatu zinazofuata mweke kwenye sakafu safi na kavu, mbali na mkojo na kinyesi, na umkague asubuhi na jioni, hasa msimu wa mvua ambapo nzi hutaga kwenye kidonda kidogo kabisa na funza hutokea upesi.

Usimpe dawa za binadamu kwa kukisia. Hatari ya kwanza ni amoxicillin, ile kapsuli inayopatikana katika karibu kila duka la dawa. Ikimezwa na sungura, dawa hii na nyingine za jamii ya penisilini huua bakteria wazuri wa utumbo wake na kuwaacha wabaya watambe, na mnyama huweza kuhara na kufa kwa sababu ya tiba ya kidonda ambacho kisingemuua.

Ukucha usio wa kawaida

Kabla ya kulaumu sakafu, tazama ngozi inayozunguka kucha. Ukurutu unaoletwa na wadudu wadogo wa ngozi ni miongoni mwa maradhi yanayowasumbua sana sungura wa ukanda wetu, nao hupenda pua, kingo za masikio na miguu. Kuna gaga nene la kijivu linaloota kwenye mizizi ya kucha, kucha zenyewe hunenepa na kupinda, na mnyama hujikuna na kujitafuna vidole. Kukata peke yake hakusaidii hapo. Tiba iliyozoeleka ni sindano ya ivermectin, ambayo hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14 kwa kuwa haiui mayai ya wadudu; kipimo chake hutegemea uzito, kwa hiyo apime daktari wa mifugo au mtaalamu wa ugani, naye akueleze ni siku ngapi zipite kabla nyama ya mnyama huyo haijaliwa. Osha mikono vizuri baada ya kumshika, maana wadudu hao huweza kumwasha hata binadamu kwa muda. Vizimba navyo visuguliwe na kuanikwa juani, la sivyo tiba itarudi mwanzo.

Kupunguza kazi

Sakafu ya wavu wa kuku, ule wenye nyaya nyembamba na matundu mapana, haifai kabisa kwa sungura, ijapokuwa ndiyo ya bei nafuu. Vipande vya mianzi au mbao zilizopigwa randa, vikiachiwa nafasi ya kupitisha kinyesi, ni bora kwa miguu. Na kama wavu hauepukiki, weka humo ubao au mkeka mgumu wa kutosha sungura kujinyoosha, uusafishe kila siku. Tofali la kuchoma au jiwe bapa mbele ya chombo cha chakula humfanya akanyage kitu kigumu kila anapokula, na hilo husaga ncha za mbele kiasi fulani. Wapo wanaobandika msasa sakafuni. Unakwaruza manyoya ya nyayo kabla haujafika kwenye ukucha, uache.

Kinachosaidia zaidi ni kumrudishia udongo. Sanduku la mbao au beseni pana lenye udongo mkavu wenye mchanga, lenye kina cha kutosha miguu yake ya mbele kuzama, humpa sungura kazi anayoipenda, naye ataichimba kila jioni ukimwekea. Chota udongo mahali ambapo mbwa, paka au sungura wengine hawajinyei, na uubadilishe mara unapolowa mkojo, kwa sababu mayai ya minyoo na vimelea vya kuhara huishi humo kwa muda mrefu. Hata akichimba kila siku, ule ukucha wa tano wa ndani hautaguswa na chochote, kwa hiyo ukaguzi wa kila mwezi unabaki palepale.